Likeri ya kahawa ya nyumbani: kulowesha punje, kahawa ya maji baridi, au kahawa ya kopo?

Mpishi wa Pasiansi

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu za kutengeneza likeri ya kahawa nyumbani, yaani ile pombe tamu ya kahawa ambayo ng'ambo huuzwa kwa majina kama Kahlúa, iliyoanzia Veracruz nchini Meksiko mwaka 1936, na Tia Maria, yenye asili ya Jamaika. Sikusudii kulinganisha chapa. Ninataka kujua ni njia ipi inayomfaa mtu anayeishi huku ziwani, ambaye kahawa yake inatoka Kagera, sukari yake ni ile ya dukani yenye wekundu kidogo, na pombe kali anayoimudu ni Konyagi.

Njia ya kwanza ni kulowesha kahawa iliyokaangwa ndani ya pombe kali yenyewe, kuiacha, kuichuja, kisha kutia shira ya sukari. Njia ya pili ni kuloweka kahawa iliyosagwa katika maji baridi kwa saa 12 hadi 24, kuchuja, kuyeyusha sukari humo humo, ndipo pombe itiwe. Njia ya tatu, ambayo najua baadhi yenu mtaibeza, ni kukoroga kahawa ya kopo katika shira ya moto, kuiacha ipoe, kisha kumimina pombe. Kahawa iliyochemshwa kama ile ya kwenye dele nimeiweka kando, kwa sababu uzuri wake ni kunywewa pale pale. Ikilala hugeuka kuwa chachu, na likeri ni kitu cha kukaa.

Mimi naegemea njia ya pili, kwa kuwa maji baridi huacha nyuma sehemu kubwa ya uchachu na ukali ambao maji ya moto huutoa. Hata hivyo sitaki kuamua peke yangu, na ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliojaribu zaidi ya njia moja.

Mwana wa Muleba

Dada Mpishi, ahsante kwa mada. Kabla ya njia, naomba tuitazame punje. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kagera ni robusta iliyoanikwa juani ikiwa na maganda yake, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, pamoja na uchungu unaolingana na hiyo kafeini. Mapishi mengi ya likeri yameandikwa na watu wanaotumia arabika. Yanapokuagiza uache kahawa ndani ya vodka kwa wiki mbili au tatu, ukifuata agizo hilo kwa kahawa ya nyumbani kwetu utapata kitu kinachofanana na mwarobaini.

Pombe kali haichagui inachochota: huanza na harufu, hufuata mafuta, na ikiachiwa muda huchota uchungu wote uliobaki. Kwa hiyo anayependa njia ya kwanza atumie punje nzima, asizisage, na aanze kuonja mapema, siku ya kwanza au ya pili, badala ya kusubiri kalenda. Punje nzima pia hazileti vumbi, na hilo utalishukuru wakati wa kuchuja. Anayetaka arabika bila kuagiza Moshi au Mbinga anaweza kuulizia kahawa ya Tarime, ambako arabika hulimwa na ni karibu nasi zaidi.

Jambo jingine ni ukaangaji. Kahawa ya kwenye karai ambayo imekaangwa mpaka ikawa nyeusi tii na kung'aa mafuta haifai kabisa hapa, kwa sababu ladha ya moshi huongezeka ndani ya pombe na sukari haiwezi kuificha. Ikomeshwe ikiwa na rangi ya hudhurungi iliyokolea, na ipumzishwe siku kadhaa kabla ya kutumika. Yangu hukaangwa Muleba na hupumzika yenyewe ikisubiri meli ya kutoka Kemondo.

Hesabu za Nyegezi

Nimewasoma wote wawili, na naona mmezungumzia ladha wakati mgogoro wenyewe uko kwenye maji. Naomba mnivumilie kwa tarakimu.

Konyagi ina asilimia 35 ya alkoholi. Chupa ya mililita 750 ina mililita 262 na nusu za alkoholi halisi, na kiasi hicho hakitaongezeka hata ukoroge namna gani. Tuseme tunataka likeri ya asilimia 20, ambacho ndicho kiwango cha Tia Maria. Ujazo wote wa mwisho hauwezi kuzidi takriban mililita 1,310, maana yake tunabaki na nafasi ya mililita 560 kwa vitu vingine vyote. Hapo wengi huisahau sukari, kana kwamba inayeyuka na kutoweka. Gramu 300 za sukari zikiyeyuka huongeza takriban mililita 190. Ondoa hizo, na kahawa yako ya maji haipaswi kuzidi mililita 370. Mwenye vodka ya asilimia 40, kwa chupa ya ukubwa ule ule, anaweza kufika lita moja na nusu, na kahawa yake ikawa mililita 560. Mapishi ya ng'ambo yaliandikwa kwa ajili ya huyo, na ndiyo maana mtu akiyafuata kwa Konyagi hupata kitu chepesi kisichokaa.

Sasa tazameni njia tatu kwa jicho hilo. Katika njia ya pili, mililita 370 lazima zibebe ladha ya chupa nzima, kwa hiyo kahawa iwe nzito kuliko ile ya kunywa: gramu 150 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chenga, katika mililita 700 za maji. Machicha ya kahawa hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wake, hivyo utapata kama mililita 400, na hasara ni ya maji tu. Katika njia ya kwanza, hakuna maji unayoongeza isipokuwa ya shira, na hilo ni jema. Lakini ukisaga gramu 100 za kahawa na kuzilowesha katika Konyagi, machicha yataondoka na mililita 200 za Konyagi, zaidi ya robo ya chupa uliyoilipia. Unaweza kuokoa sehemu yake kwa kumiminia machicha maji kidogo na kukamua, ingawa kukamua kwenyewe huleta tope na uchungu. Punje nzima alizozitaja Mwana wa Muleba hunywa kidogo zaidi, kwa hiyo ushauri wake unafaa mara mbili. Njia ya tatu, nasikitika kuwaambia wanaoibeza, nayo haiongezi maji isipokuwa ya shira, wala haina machicha ya kunywa pombe.

Kwa anayeuliza kama asilimia 20 ni lazima: sheria za Umoja wa Ulaya huita kinywaji likeri kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 15 na sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita. Vipimo hivi vinatupa sukari ya gramu 230 hivi kwa lita, kwa hiyo tumo. Hata hivyo, kwa joto la Mwanza na umeme wetu, mimi singeshuka chini ya 18.

Mama wa Kirumba

Mwanangu Hesabu, Mungu akuzidishie, maana umenitetea bila kujua. Mimi ni mtu wa kahawa ya kopo na sioni haya. Africafe inatengenezwa na kiwanda cha TANICA pale Bukoba. Ni kahawa ya ziwa letu sawa na hiyo ya karai, ila imeshatolewa maji. Vipimo vyangu ni gramu 40 za kahawa, maji mililita 250, sukari gramu 300 na chupa nzima ya Konyagi. Hakuna machicha, hakuna kuchuja, na ladha ya chupa ya leo ni ile ile ya chupa ya mwaka jana, jambo ambalo wenye karai hawawezi kuliahidi.

Kasoro yake ninaikubali: uchungu na rangi vipo, lakini harufu ya juu, ile inayokufanya ugeuke unapopita karibu na mtu anayesaga kahawa, imepungua kiwandani wakati wa kukaushwa. Mimi huirudisha kwa kutia konzi ya punje nzima zilizokaangwa vizuri ndani ya chupa na kuzitoa kesho yake.

Ninalotaka vijana walisikie ni hili la jiko. Shira ya moto isikutane na pombe. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, chini ya maji. Ukimimina Konyagi kwenye sufuria inayotoa mvuke unapoteza alkoholi uliyoihesabu, na ukifanya hivyo karibu na moto wa gesi au mkaa, mvuke ule hushika moto. Sufuria itoke jikoni, ipoe mpaka chini yake pashikike kwa kiganja, na pombe itiwe ukiwa mbali na jiko.

Kijana wa Igoma

Shikamoo Mama, na wakubwa wote. Kama tatizo ni asilimia 35, kwa nini tusitafute pombe ya moshi ya vijijini ambayo ni kali zaidi? Nafasi ya maji ingekuwa kubwa, na bei ni ndogo.

Nesi Mstaafu

Marahaba, kijana. Jibu ni hapana. Gongo haina kipimo kinachojulikana, na ndani yake panaweza kuwa na methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki na kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Methanoli haionekani wala haitambuliki kwa kuonja, na kinywaji chenye kahawa nzito na sukari nyingi ndicho kingeificha vizuri zaidi. Aidha, kuitengeneza na kuiuza bila leseni ni kosa kisheria. Tumia chupa iliyofungwa kiwandani yenye asilimia iliyoandikwa, na ukitaka kujaribu kwa gharama ndogo nunua chupa ndogo, kwa kuwa viroba, yaani vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilishapigwa marufuku tangu Machi 2017.

Mpishi wa Pasiansi

Ninashukuru sana, na ninaona msimamo wangu umesogea. Kwa tarakimu za ndugu Hesabu, ushindani si wa ladha tupu, na ninadhani njia ya kwanza na ya pili zinaweza kuoana: punje nzima zilowe katika Konyagi kwa siku moja au mbili kwa ajili ya harufu, wakati huo huo kahawa ya maji baridi iandaliwe kwenye friji kwa ajili ya mwili wa kinywaji, kisha vikutanishwe. Sukari haihitaji jiko hata kidogo, kwa sababu lita moja ya maji ya kawaida inaweza kuyeyusha karibu kilo mbili. Gramu 300 katika mililita 370 za kahawa ni suala la kutikisa chupa mara kwa mara. Kwa namna hiyo harufu haipiti kwenye moto hata mara moja.

Maji ya bomba yenye harufu ya klorini huwa nayachemsha na kuyaacha wazi yapoe kabla ya kuyatumia. Maswali yangu yaliyobaki ni mawili: vanila itiwe lini, na je, sukari guru inafaa?

Mwana wa Muleba

Vanila inalimwa huko huko Kagera, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kichupa cha rangi na manukato dukani. Ganda moja lililokaushwa vizuri, jeusi na laini kama ngozi, lipasuliwe kwa urefu na litumbukizwe mwishoni, baada ya kila kitu kuchanganywa. Likae wiki mbili. Ukilitia mapema pamoja na punje utashindwa kujua ni lipi limezidi.

Sukari guru ni tamu kwa maana zote, na huipa robusta kina kinachopendeza, lakini ina takataka na huleta wingu. Hiyo ndiyo sukari pekee ambayo ningeipitisha jikoni: ichemshwe na maji kidogo, povu liondolewe, ichujwe kwa shashi, na maji hayo yahesabiwe ndani ya zile mililita 370. Nusu guru na nusu sukari ya kawaida yatosha. Asali hapana, kahawa humezwa.

Mfanyabiashara wa Buzuruga

Je, mtu akitaka kuwauzia majirani wakati wa Krismasi?

Hesabu za Nyegezi

Ndugu yangu, kuuza ni mada nyingine yenye leseni, alama ya TBS na stempu za TRA. Hapa tunazungumzia chupa ya nyumbani.

Dada Mpishi, mpango wako wa kuoanisha ninauunga mkono kwa sharti moja: punje za kwenye Konyagi zisizidi gramu 50, na kahawa ya maji ipunguzwe mpaka gramu 120, la sivyo uchungu wa robusta utajilimbikiza kutoka pande mbili. Kahawa ya maji baridi isikae nje ya friji zaidi ya saa 12, na umeme ukikatika usiku kucha ni heri uichuje na kuitia pombe asubuhi kuliko kuongeza muda. Chuja mara ya kwanza kwa shashi na mara ya pili kwa karatasi ya kuchujia kahawa, bila kukamua, hata kama itachukua saa nzima. Hifadhi katika chupa za kioo zilizochemshwa, si za plastiki, mahali pasipo jua. Baada ya wiki moja utaona mashapo yametulia chini. Mimina taratibu kwenye chupa nyingine na uyaache.

Maziwa au krimu, kwa wanaopenda, vitiwe kwenye glasi wakati wa kunywa. Visiingie kwenye chupa.

Mama wa Kirumba

Na ile ya kopo, kwa wasio na friji, iko tayari baada ya wiki mbili.