Naomba ushauri: mita 100, nikifika 60 wananipita

mwana_busia
Habari zenu wakubwa. Niko Busia upande wa Uganda, S.5 (kidato cha tano), nakimbia mita 100 na 200. Kutoka kwenye mstari mpaka mita 50 nawaacha wote. Nikifika 60 miguu inakuwa mizito, mabega yanapanda, wananipita. Mwalimu wetu wa michezo anatuamsha alfajiri tukimbie barabarani pamoja na wale wa mita 5,000. Pumzi ninayo tele, mbona kasi haiongezeki? Hela ya gym sina.

kocha_mstaafu
Mwanangu, pumzi ya mbio ndefu haikupi kasi. Mita 100 zinategemea sana akiba iliyomo ndani ya misuli yenyewe, kreatini fosfeti, na kwa kasi kamili inapungua vibaya ndani ya sekunde chache tu. Kurudi inataka dakika 3 hadi 5. Ukirudia mbio baada ya dakika moja, unajizoeza kukimbia umechoka.

Anza hivi: mita 30 kwa nguvu zote, mara nne, kila moja ukipumzika dakika 3. Siku nyingine jenga kasi taratibu kwa mita 30, halafu 20 za kasi kamili, upumzike dakika 5. Muda wako wa mbio ukianza kuharibika, vua spaiki uende nyumbani. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na zisifuatane.

Na ujue hakuna asiyepungua kasi mwishoni. Usain Bolt pale Berlin 2009, siku ya rekodi yake ya dunia ya sekunde 9.58, kati ya mita 60 na 80 alitumia sekunde 1.61, zile 20 za mwisho 1.66. Wewe ukiona unapitwa unakaza shingo na ngumi, ndiyo maana mabega yanapanda. Legeza taya na viganja.

tausi_kasese
Mzee, usimkatishe tamaa ya mazoezi magumu. Mganda mwenzetu John Akii-Bua alikimbia milimani, akaruka viunzi amevaa fulana yenye uzito, na Olimpiki ya Munich 1972 akachukua dhahabu kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena njia ya kwanza kabisa ya ndani!

kocha_mstaafu
Dada, ile ni mita 400 za viunzi. Hata Mganda mwingine, Davis Kamoga, na sekunde 44.37 zake za mashindano ya dunia ya Athens 1997, ni mita 400. Huko ustahimilivu unalipa. Huyu kijana ni wa 100.

fisio_jinja
Kilima nakiunga mkono, ila kifupi: mita 30 za nyasi, unapanda kwa kasi, unashuka ukitembea. Gym si lazima. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, jishushe mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka. Hilo linaimarisha misuli ya nyuma ya paja, inayowachanika sana wakimbiaji wa kasi. Anza na machache, kesho yake misuli itauma. Na usilale njaa.

mwana_busia
Asanteni sana. Sasa mwalimu nimwambieje? Ni mkali.

kocha_mstaafu
Usimwambie kwamba mazoezi yake hayafai. Mwendee peke yako, kwa heshima, umwombe akupimie mita 30 kila Jumatatu, na alfajiri mbili za wiki ubaki uwanjani badala ya barabarani. Mwalimu anayeamka saa kumi na moja kwa ajili ya wanafunzi, saa ya kupimia ataishika.

mwana_busia
Nitamfuata kesho baada ya paredi.