Jina sahihi la champaka: Michelia au Magnolia?

Swali: Ndugu wapenzi wa mimea, champaka, mti wenye maua ya harufu nzuri, imeandikwa Michelia champaca katika kitabu kimoja na Magnolia champaca katika kingine. Lipi ni jina halali, na kwa nini lilibadilishwa?

Jibu la kwanza: Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alizitenganisha jenasi hizo (makundi ya spishi zenye nasaba ya karibu) mwaka 1753, na kwa muda mrefu tofauti kuu iliyotajwa ilikuwa mahali pa ua: Magnolia huchanua kwenye ncha ya tawi, ilhali Michelia huchanua pale jani linapoungana na tawi. Uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba Michelia imechipuka ndani ya ukoo wenyewe wa Magnolia, hivyo kuitenga kungeiacha Magnolia kuwa kundi lisilojumuisha wazao wote wa babu mmoja. Ndiyo maana wengi wameziunganisha Michelia na jenasi nyingine za jamaa yake, Manglietia na Talauma, ndani ya Magnolia. Katika familia yao, Magnoliaceae, jenasi ya Liriodendron pekee ndiyo iliyobaki nje.

Jibu la pili: Hoja hiyo ni nzito, ila baadhi ya wataalamu wa China huugawa ukoo huo katika jenasi ndogo, zikiwemo Yulania na Michelia, na mgawanyo wao pia unajaribu kufuata nasaba. Kwa hiyo majina yote mawili yametolewa kihalali. Kinachobishaniwa ni mpaka wa jenasi. Mimi ningeandika Magnolia champaca, na la zamani kama kisawe.

Jibu la tatu: Naongeza kwamba neno la pili, champaca, halikubadilika kwa sababu kanuni za majina ya mimea hutaka sehemu hiyo ya jina ihifadhiwe spishi inapohamishwa, isipokuwa kama tayari imetumika katika jenasi inayoipokea.