Wakuu naombeni ushauri, harusi nipige kwa modi gani, Av au manyuo?

Mpwa wa Kigamboni
Habari za muda huu wakuu. Nina Canon 700D, lenzi mbili (18-55 iliyokuja na kamera na 50mm f/1.8) na flashi moja ya kupachika juu. Mwisho wa mwezi nina kazi ya harusi, misa mchana, picha za ufukweni jioni, usiku ukumbini. Kinachonichanganya ni modi, kila ninayemuuliza anasema mapro wanapiga manyuo tu (M, unapanga kila kitu mwenyewe), hizo zingine za wanaojifunza. Sasa kwa manyuo nikitoka ndani kwenda juani picha inakuwa nyeupe pee, na nikiweka Av (nachagua tundu la lenzi, zile namba za f/, shata inapangwa na kamera) kanisani ISO 400 (wepesi wa kamera kuona mwanga) kamera inashusha shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, mpaka 1/15 ya sekunde, mtu akitembea picha inavuta yote. Wenye uzoefu nielekezeni jamani, hii kazi naitaka iwe nzuri, wale watu hawataoana tena wiki ijayo ili mimi nirudie.

Fundi Apecha
Manyuo mkuu. Av kamera ndo inaamua, na kamera haijui kwamba shela ni jeupe.

Dada wa Lenzi
@Fundi Apecha kwenye shela uko sahihi ila hiyo sio sababu ya kuikimbia Av. Mita (kipima mwanga cha kamera) inachukulia kila inachokiona ni kijivu cha kati, shela likijaa kwenye fremu inapunguza mwanga, shela linakuwa kijivu na sura ya bibi harusi inazama, hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Kwenye Av unashikilia kile kitufe cha Av+/- unazungusha gurudumu mpaka +1, imeisha hiyo. Suti nyeusi zikijaa unafanya kinyume, unarudi chini kidogo. Na ukipiga manyuo huku unafuata mshale ukae katikati, mita ni ileile na shela litakudanganya vilevile.

Mpwa, mimi najiuliza mambo mawili tu, mwanga umetulia au unabadilika, na kitu gani siwezi kuiachia kamera. Mwanga umetulia, manyuo. Mwanga unakimbiakimbia, Av. Nani anatumia nini huko duniani haikusaidii.

Mzee wa Ukumbi
Namuunga mkono Dada. Ngoja nikupangie kwa sehemu maana kazi yako ina mianga mitatu tofauti kabisa.

Kanisani weka M, chukua ile 50mm, f/2.8 au f/2 kukiwa giza sana, shata 1/160 wakati wanaingia, halafu ISO iache oto. Kwenye menyu iwekee kikomo 6400. Hapo umeshika vitu viwili vya muhimu na kamera inahangaika na ISO peke yake. Chenga (zile punjepunje kwenye picha) zitakuwepo ila zinasafishika, picha iliyovuta hakuna programu itakayokurudishia macho ya mtu. Shida moja, 700D ukiwa M na ISO oto haikupi ile +1 ya Dada, kwahiyo wakishasimama madhabahuni mwanga umetulia, acha oto, weka ISO kwa namba, piga moja, kuza uso kwenye skrini uangalie, rekebisha, usiguse tena. Na piga RAW (faili ghafi, inarekebishika vizuri baadaye). Flashi muulize padri kabla ya misa.

Mlangoni hapo ndo watu wanapopoteza picha, wanatoka mchele unarushwa na wewe bado una namba za ndani. Wakianza kugeuka kuja mlangoni zungusha dude la juu kwenda Av, f/5.6, ISO oto, kamera itapandisha shata yenyewe. Usiende na f/1.8 juani, kamera yako mwisho 1/4000 na jua la saa saba kwa ISO 100 linataka zaidi ya hapo, utaona 4000 inawakawaka, maana yake picha inaungua.

Ufukweni jioni baki na Av, f/2.8 hadi f/4, jua likiwa nyuma yao ongeza +1 ili sura zionekane.

Ukumbini rudi M. 1/80, f/5.6, ISO 1600, flashi kwenye ETTL (kamera inapima na kupanga nguvu ya flashi yenyewe) umeigeuzia juu kama dari ni jeupe na sio refu sana. Flashi ndo inawamulika watu, shata yako inaamua taa za mapambo nyuma zionekane kiasi gani. Ukitaka zionekane zaidi shusha 1/50, zikizidi panda, ila usivuke 1/200.

Sele wa Picha
Naongezea hapo kwa Mzee, kwanini f/5.6 na sio 3.5. Hiyo 18-55 ukiweka f/3.5 kwenye 18 halafu ukavuta mpaka 55 inahamia 5.6 yenyewe, kama umefunga ISO na hutumii flashi picha inaingia giza na hujagusa kitu. Anza na 5.6 haitahamahama.

Na ukiona mistari myeusi inapita kwenye picha ndani, ni taa. Umeme wetu ni 50Hz na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, weka shata 1/100 au 1/50 mistari inapungua sana. Zile za rangi za jukwaani zina mambo yake.

Mpwa wa Kigamboni
Dah asanteni sana, nimeandika yote. Sasa Tv (ile ya kuchagua shata, kamera inapanga f/) naitumia wapi? Na ukumbini kwanini nisibaki Av na flashi?

Dada wa Lenzi
Tv kwenye harusi mimi siigusi, kwenye giza lenzi ikifika mwisho wa kufunguka na ISO ikagota, picha inakuwa giza tu. Ukiitwa ghafla na hujui namba zako ziko wapi, bora P (kamera inapanga shata na f/ yenyewe) na flashi, angalau shata haishuki chini ya 1/60.

Mzee wa Ukumbi
Av na flashi kwenye Canon inapima mwanga wa ukumbi kwanza, flashi inakuwa ya kujazia tu, ndo maana shata inashuka hata nusu sekunde na watu wanaburuzika. Ukilazimika, ingia Custom Functions, ile ya flashi kwenye Av, chagua 1/200-1/60 oto. Iweke leo nyumbani, sio siku ya harusi.