Jumuiya ya hiari inayokuamini hatua kwa hatua: tujiunge au tukae mbali?

#1 (mleta mada)
Wakuu, naleta hili nikiwa bado sijaamua. Nimekaribishwa kwenye jumuiya ya wanahiari, watu wanaoshikilia kwamba shughuli yoyote baina ya watu wazima iwe ya ridhaa, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwenzake kwa nguvu, awe mtu binafsi au dola. Wana mfuko wa dharura, wanasomeshana watoto, na wakikosana huenda kwa msuluhishi aliyekubaliwa na pande zote mbili. Hayo yote nayapenda.

Kinachonitatiza ni mlango wao. Kwanza unahudhuria vikao vya wazi tu. Kisha mwenyeji mmoja anakudhamini, unapewa kazi ndogo, watu wanakuangalia. Ukifanya vizuri unaruhusiwa kukopa kidogo kwenye mfuko. Kuona hesabu zote na kupiga kura ni hatua ya mwisho, na hakuna aliyeniambia inafikiwaje wala lini. Wanasema hiari yashinda utumwa. Sawa, ila hiari ya nani, ikiwa kila ngazi mwamuzi ni upande mmoja? Karibuni.

#2
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sioni ubaya wowote hapo. Hiari ina pande mbili, mleta mada: wewe una hiari ya kuingia, nao wana hiari ya kukukataa au kukupokea kwa kiasi. Ukidai wakuamini siku ya kwanza, unadai kitu ambacho hujakifanyia kazi.

Mwaka 1825 Robert Owen, mwenye viwanda kutoka Uingereza, alianzisha jumuiya ya New Harmony huko Indiana, Marekani, akaalika karibu kila aliyetaka. Wachapakazi wakaja, wategaji wakaja, wenye nia njema wasiojuana wakaja, wote wakatiwa chungu kimoja. Kufikia 1827 ilikuwa imesambaratika. Mmarekani mmoja, Josiah Warren, alikuwemo. Alitoka akiamini kosa lilikuwa kuwafungamanisha watu mali na maslahi yao, na mwaka huohuo akafungua duka Cincinnati ambako muda wa mwenye duka ulilipwa kwa hati ya ahadi ya kazi, yaani mnunuzi aliahidi kumfanyia kazi ya muda sawa. Hapo ukimwamini mtu vibaya unapoteza saa chache. Ndiyo maana ya kuanza na kidogo.

#3
Namba 2, New Harmony inathibitisha kwamba kuwaamini wote kwa mkupuo ni hatari. Haithibitishi kwamba anayepanda ngazi yuko huru.

Mwaka 1748 mwanafalsafa David Hume aliwajibu waliosema kwamba mtu akibaki katika nchi ameukubali utawala wake. Alisema hiyo ni sawa na kudai kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameridhia amri za nahodha, eti kwa kuwa hajajirusha baharini akafa. Hoja hiyo ndiyo silaha ya wanahiari dhidi ya dola. Mimi naielekeza kwao. Mfikirieni mtu wa mwaka wa tatu: watoto wake wanasoma humo, deni lake liko humo, mdhamini wake amekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, na marafiki wa zamani amewapoteza kwa kukosa muda. Kila hatua aliridhia. Hakuna siku hata moja aliyoulizwa kuhusu jumla yake. Mkimwambia mlango uko wazi, atachungulia nje na kuona bahari.

Halafu kuna kura. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na malisho ya pamoja kwa vizazi vingi bila kuporana. Mojawapo ya mambo aliyoyakuta katika zile zilizodumu ni kwamba wengi wa wanaoguswa na kanuni wana nafasi ya kuzibadilisha. Huyu mgeni anaguswa tangu siku anapopewa kazi, lakini hana sauti.

#2
Ostrom huyohuyo alikuta pia kwamba adhabu zilikwenda kwa vipimo, kosa la kwanza likipata adhabu ndogo. Kama adhabu zinapimwa, kwa nini imani isipimwe? Na mtu wa Hume alipakiwa akiwa usingizini, huyu amepanda kwa miguu yake. Hata urafiki wa kawaida unaota mizizi hivyo, na hakuna anayeuita kifungo.

#4
Niliwahi kuwa ndani ya kikundi cha namna hii. Sitakitaja. Miaka miwili nilifanya kila nilichoambiwa, na nilikifanya kwa moyo. Kisha akaja mwingine akapewa kura baada ya miezi mitano. Nilipouliza niliambiwa, "Imani haina kalenda, dada." Baadaye nikaelewa kwamba vipimo vilikuwa vichwani mwa watu watatu waliokuwa wakila pamoja. Hawakuwa wabaya, nasema hivyo kwa dhati. Hawakujua tu kwamba wanatawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaharakati Jo Freeman aliyaonya makundi ya wanawake Marekani juu ya jambo hilihili: kundi likisema halina viongozi, urafiki ndio unaoshika uongozi, na asiye rafiki hana pa kukata rufaa.

Kilichoniumiza si kusubiri. Ningesubiri hata miaka mitano, kama ningejua nasubiri nini.

#5
Namba 4 pole sana. Naongeza mfano kutoka kwa watu ambao hata si wanahiari. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa watawa, ya karne ya 6, inaagiza mgeni anayetaka utawa asipokelewe kirahisi. Lakini baada ya miezi miwili anasomewa kanuni nzima na kuambiwa: ukiiweza ingia, usipoiweza ondoka ukiwa huru. Anasomewa tena baada ya miezi sita, na tena baada ya minne. Na nguo alizokuja nazo hazitupwi, zinawekwa kabatini, ili siku akitoka awe na cha kuvaa.

Mleta mada, waulize kama wana kabati la namna hiyo.

#1 (mleta mada)
Namba 5, hilo la nguo limenikaa. Namba 2 umenishawishi kwamba sina haki ya kudai kura siku ya kwanza. Ila naona sasa kwamba kusubiri hakukuwa tatizo langu, ni giza. Jumamosi nina kikao nao. Nitaomba ngazi zote ziandikwe, pamoja na muda na sababu za mtu kukataliwa. Nitauliza nikiondoka mwaka wa pili, michango yangu inarudi kiasi gani, na deni langu nitalilipa kwa masharti gani. Wakiyaandika hayo, nitaingia. Wakisema nina haraka, nitabaki mhudhuriaji wa vikao vya wazi.

#3
Nakuunga mkono, isipokuwa umesahau watoto. Pesa inarudishwa kwa hesabu. Mtoto aliyesoma humo miaka miwili na wenzake wote wako humo, huyo unamrudishaje? Na yeye hakuna aliyemuuliza hata hatua ya kwanza.

#1 (mleta mada)
Hapo sina jibu. Namba 2, unalo?