Naombeni ushauri: Nimeitwa kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu

Binti Mkonge (Tanga):
Heshima zenu wanajukwaa. Mume wangu ameshtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi. Polisi walipokuja nyumbani waliniandikisha maelezo, nami nikasema kweli kwamba usiku mmoja alirudi na maboksi mawili ya vipuri vya pikipiki akayasukuma uvunguni mwa kitanda. Sasa mwenyekiti wa mtaa ameniletea samansi ya mahakama, natakiwa kuwa shahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Mama mkwe ananitaka nikayakane maelezo yote mahakamani, na kaka yangu anasema nisiende kabisa. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka mitano na tuna watoto wawili, ila mahari ilitolewa nusu na cheti cha ndoa hatuna. Je, nitalazimishwa kusema? Ninaweza kufungwa?

Karani Mstaafu:
Pole sana dada yangu. Kwanza kabisa, nenda mahakamani. Samansi ni amri, na shahidi anayeipuuza bila sababu anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, hata kama sheria ingemruhusu kunyamaza.

Sheria ya Ushahidi, katika kifungu ambacho wengi wetu tunakifahamu kama cha 130, inasema kwamba mke au mume wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka lakini halazimishwi. Hakimu anapaswa kukueleza haki hiyo kabla hujaanza kutoa ushahidi na kuandika kwenye mwenendo wa kesi kwamba amekueleza. Asipofanya hivyo, ushahidi wako haupokelewi. Kwa hiyo ukiitwa kizimbani, kabla ya kiapo, mwambie hakimu wazi kwamba mshtakiwa ni mume wako.

Ushauri wa mama mkwe ndio unaonitia hofu. Ukikubali kuapa kisha ukadanganya, umetenda kosa la kutoa ushahidi wa uongo, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba, na mwendesha mashtaka atakuwa na maelezo yako ya polisi mkononi, yenye sahihi yako. Kukataa kutoa ushahidi ni haki yako ukiwa mke. Kusema uongo chini ya kiapo si haki ya mtu yeyote.

Mama Neema:
Niongeze kwamba kinga hiyo ina mipaka. Kama kesi ingehusu kukudhuru wewe au watoto, au mali yenu, au kosa la kijinsia, ungelazimishwa kutoa ushahidi, na naona ni haki iwe hivyo, maana wanawake wengi wangenyamazishwa na ukoo. Wakwe wakikutisha, usibaki nalo moyoni: ripoti polisi. Tunayo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Binti Mkonge:
Asanteni sana. Lakini bila cheti, mahakama itanitambua kuwa mke? Na yale maboksi yalilala chumbani kwangu, sitaunganishwa kwenye kesi?

Karani Mstaafu:
Kifungu kile cha Sheria ya Ushahidi kinazitambua pia ndoa za kimila na za mitala, kwa hiyo kukosa cheti peke yake hakukuondolei kinga. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo katika jamii, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahari iliyobaki nusu inaweza kuzua mabishano, basi jiandae na mashahidi: mshenga, wazee waliopokea mahari, na majirani.

Kuhusu maboksi, Kanuni ya Adhabu haimhesabu mke kuwa mshiriki baada ya kosa kwa sababu tu alimsaidia mumewe kukwepa adhabu. Kupokea au kuhifadhi mali huku ukijua ni ya wizi, hata hivyo, ni kosa linalojitegemea, na swali litakuwa ulijua nini usiku ule. Jibu lake usiliandike hapa jukwaani. Mpelekee wakili kabla ya tarehe ya kesi. Kama fedha ni tatizo, uliza TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na uende na samansi yako. Wakili huyo awe wako peke yako, asiwe yule anayemtetea mumeo.