Mrejesho: nyuzi za polyesta kutoka chupa za plastiki

Wakuu, niliuliza kwa nini nyuzi ninazotengeneza kwa chupa za maji zilizosagwa zinakatika kila nikizivuta. Wengi mlisema ni unyevu, na ndivyo ilivyokuwa.

Vipande vya chupa ukivishika unaona vikavu kabisa, kumbe plastiki ya PET, yaani polyesta ya chupa hizi, hunyonya maji kutoka hewani. Ikiyeyushwa, kwenye Selsiasi 260 hivi kwenda juu, maji hayo hukata minyororo ya molekuli. Uji wa plastiki unakuwa mwepesi, uzi unakosa nguvu. Sasa navikausha kwa hewa ya moto, karibu Selsiasi 160, kwa saa kadhaa, halafu vinaingia kwenye mashine vikiwa bado vya moto. Angalizo kwa atakayejaribu: vipande vya shingo ya chupa hunata na kugandana wakati wa kukausha, kwa hiyo koroga mara kwa mara.

Aliyenitajia PVC, plastiki ya aina nyingine inayojichanganya humo, asante sana ndugu yangu. Vifuniko vya chupa na pete zake huelea majini, unavichota tu. PVC huzama pamoja na PET, na ikipata joto hilo huungua, ikaacha vidoa vyeusi na kutoa asidi inayoharibu hata plastiki nzuri. Hiyo naichambua kwa mkono kabla ya kusaga.

Uzi sasa unavutika mara tatu ya urefu wake bila kukatika. Umanjano kidogo bado upo. Kwa kitambaa cheupe haufai, kwa rangi nzito haudhuru.