Naomba ushauri: ukumbi unavuma, maneno hayasikiki vizuri

Wakuu, naombeni ushauri. Ukumbi ni mita 20 kwa 12, kimo mita 5. Sakafu ya vigae, kuta za plasta. Ukipiga kofi ukumbi ukiwa mtupu, mwangwi unadumu kama sekunde 3, wakati hotuba inataka karibu na 1. Kuongeza sauti hakusaidii: mwangwi nao unapanda na kufunika silabi inayofuata, hasa sauti za s, f na t. Spika zimeshaelekezwa kwa wasikilizaji, besi (sauti nzito) imekatwa chini ya hezi 150. Nafuu ni ndogo.

Kwa hesabu, zinahitajika kama mita za mraba 130 za kufyonza sauti. Mapazia mepesi hayafai, yanabakiza mvumo. Rokwuli (pamba ya mawe inayofyonza sauti) ya unene wa sentimita 5 ifungwe darini kwanza, au ukuta wa nyuma?